Hakimu Aliyevuta Moto Ndani

Mimi sishangazwi na kitu. Naandika hivyo bila aibu, na wanaonijua pale Msamvu watakuambia ni kweli. Nilisukuma mkokoteni sokoni Morogoro nikiwa na kaptura iliyotoboka matakoni, leo nina duka la vifaa vya ujenzi na Fuso tatu, na shule yangu iliishia darasa la tano. Nimeona lori la mahindi la Gairo likipinduka na dereva akatoka bado ameshika kikombe cha chai. Nimemwona mtu akiuziwa kiwanja kile kile mara mbili na tapeli yule yule. Dubai nimefika. Basi nilipohamia huku juu, kwenye njia ya kupandia mlimani, ndani ya nyumba ya vyumba sita niliyoijenga bila mkopo wa mtu, niliona majirani hawana kipya cha kunionyesha.

Jumamosi moja jioni nikapanda juu ya tofali, nikachungulia ng'ambo ya ukuta wangu, nikamwona Hakimu.

Alikuwa amekaa kwenye baraza yake ya nyuma, khanga kiunoni, miwani puani, mama mtu mzima kabisa. Mkononi alikuwa na siga, yale mabiri manene ya jani tupu wanayovuta matajiri kwenye sinema. Ilikuwa imebaki kipande cha urefu wa kidole cha kati. Akaitazama, akaigeuza, akaingiza mdomoni upande unaowaka. Moto ndani! Akafunga midomo, akafumba macho, na moshi ukamtoka puani polepole kama jiko la makuti linalopikiwa ugali. Tofali likanikimbia miguuni.

"Usivunjike shingo, jirani," akasema alipoitoa, bila hata kugeuka. "Pita mlangoni kama watu."

Nikazunguka. "Shikamoo, Hakimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye geti la dhahabu?"

"Ni rangi tu, Hakimu."

"Nashukuru Mungu. Kaa."

Alikuwa hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, na hilo likawa ndilo jina lake. Wauza mkaa walimwita Hakimu, padri alimwita Hakimu, na binti yake aliyeko Dodoma alimwita Hakimu kila walipogombana kwenye simu. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi na jina lake la kanisani sijawahi kulitamka. Sitaanza leo.

Kuhusu moto ndani alinieleza siku hiyo hiyo, maana niliuliza kabla sijakaa vizuri. Bibi zake wa upande wa Matombo walipanda milima kutoka gulioni Mkuyuni, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Tumbaku ikiwa na moto nje inazimika, na mikono yote ina kazi. Kwa hiyo moto waliuficha mdomoni. "Wao walivuta tumbaku ya shambani waliyoisokota wenyewe," alisema. "Mimi nimesoma kidogo, navuta siga. Lakini kipande cha mwisho nakivuta kwa heshima yao."

"Huungui?"

"Wewe unapokunywa chai ya moto unaungua? Ulimi unajua pa kukaa."

Nilijaribu nyumbani kwa sigara ya kawaida. Sitaki kulizungumzia.

Sasa sikiliza alivyoipima siga, maana mji huu una watu wanaodhani siga ni kitu cha kupigia picha. Kwake siga ilikuwa mshitakiwa. Kwanza pete. Kila siga ya maana huvaa kipete cha karatasi chenye jina na nakshi za dhahabu, na mimi hicho ndicho nilichoona ninalipia. Yeye aligeuka upande, akanyoosha mkono: "Ivue nguo za sherehe kwanza." Nikishaivua, kipete wanarushiwa kuku. "Nikijua ni mtoto wa nani kabla sijamsikiliza, nitakuwa hakimu gani mimi?"

Halafu aliibonyeza kwa vidole viwili kutoka kichwani mpaka mguuni, akitafuta penye ugumu au penye shimo. Mara ya kwanza mimi nikaichukua yangu nikaizungusha sikioni, kama nilivyoona kwenye sinema.

"Unasikiliza nini?" akaniuliza. "Imepigiwa simu?"

Aliinusa ikiwa baridi. Aliikata kichwa kidogo sana, kwa kisu cha kumenyea vitunguu alichokinoa mpaka kikawa chembamba kama jani la mchaichai. Akaivuta bila moto, aone kama hewa inapita. Kuwasha, alitumia njiti ya kiberiti, na aliiacha kwanza ile harufu ya baruti iishe, ndipo akauzungusha mguu wa siga juu ya mwali bila kuugusisha. Kiberiti changu cha gesi nilichonunua Dubai, chenye moto wa bluu unaovuma, alikiita jiko la fundi bomba.

Ikishawaka, hakusema neno juu ya ladha. "Mwanzoni kila mtu anajieleza vizuri," alisema. Aliigawa siga mara tatu: maelezo, mahojiano, na kukiri. Majivu hakuyakung'uta. Aliyaacha yashike yenyewe, na yakiwa meupe na magumu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Moto ukila upande mmoja kuliko mwingine, alisema shahidi huyu anavutia kwake. Alivuta polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye mbali. Kukiri kulikuwa kule kwa moto ndani, na kikiisha hicho kipande alitoa hukumu. Hukumu zilikuwa tatu tu. Siga ilitiwa hatiani, au iliachiwa kwa masharti, au iliachiwa huru.

Mimi nilitaka hiyo ya tatu. Naomba nieleweke hapo. Kila mtu mjini ananisifia: "Bosi, shati kali." "Bosi, umeongea pointi." Lakini nikiwaangalia wanaonisifia, huyu nimemkopesha bati, yule ana mtoto anaendesha gari langu. Hakimu hakuwa na haja na saruji yangu hata mfuko mmoja. Neno lake ndilo pekee Morogoro nzima lililokuwa halinunuliki, na kitu kisichonunuliki mimi hunikosesha usingizi.

Mke wangu, Mama Zawadi, alinicheka wazi. "Baba Zawadi, mtu mzima na ndevu zako unagombea maksi za moshi?"

"Wewe huelewi."

"Naelewa. Hujawahi kupewa cheti."

Mwanamke huyo nilimwoa kwa sababu ya mdomo wake, na mpaka leo ananilipa.

Siga zangu zilitendewa nini? Sanduku la kwanza nililileta Dubai, nilipokwenda kufuata vipuri. Nikalipeleka kwa mikono miwili kama mahari, nikamweleza nilivyolipata, nilivyombana muuzaji, nilivyopita nalo uwanja wa ndege. Hakimu akavuta mpaka mwisho, akasema: "Jani zuri, limefungwa na mtu mwenye haraka. Hatia." Lililofuata niliweka ofisini, kiyoyozi kinavuma juu yake mwezi mzima. Alipoibonyeza ikalia kama majani makavu. "Huyu amekufa kwa kiu," akasema. "Unaniletea maiti nimuhoji?"

Ndipo akanionyesha kasha lake mwenyewe, la mbao za mkangazi. Ndani yake, pembeni, kulikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, amekiloweka maji. Basi. Kigae kinatoa unyevu kidogo kidogo, siga hazikauki wala hazioti ukungu. Zile za kwake aliletewa na binti yake, chache, kila aliporudi safari za kikazi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama Zawadi siga zinataka ubaridi na unyevunyevu. Naye kwa nia njema kabisa akaziweka kwenye friji. Jumamosi Hakimu akainusa moja, akavua miwani, akainusa tena.

"Huyu mshitakiwa alikuwa mahabusu na nani?"

"Peke yake, Hakimu."

"Mwongo. Alilala na perege."

Alicheka mpaka akaegemea nguzo. Lakini aliiwasha! Akasema hata anayenuka ana haki ya kusikilizwa. Akaivuta yote, na hukumu ikawa hatia, pamoja na onyo kwa askari magereza, yaani Mama Zawadi, ambaye kuanzia siku hiyo alipokutana na Hakimu njiani alimpigia saluti.

Ladha zilinipa taabu. Kwangu siga ilikuwa kali au si kali, mwisho. Hakimu akaona sitafika. Siku moja ya gulio akaniamuru nitoe pikapu, tukateremka mpaka Mkuyuni, na pale akapita meza kwa meza akinitia vitu mdomoni: punje ya pilipili manga, gome la mdalasini, karafuu, iliki.

"Tafuna, usimeze. Inauma wapi? Ncha ya ulimi au kooni?"

"Kote, Hakimu!"

"Hakuna kitu kinachouma kote. Tafuna tena."

Wamama wenye meza wakaacha biashara. "Hakimu," mmoja akauliza, "huyo kijana wako kakosa nini?"

"Ana kesi ya ulimi."

Kijana! Mimi mwenye mjukuu. Lakini jioni ile, kwenye baraza, siga ilipofika katikati, nikaipata. Pilipili manga ilikaa kwenye tundu za pua, na chini yake kabisa kulikuwa na mdalasini mbichi na harufu ya udongo mvua inapogonga mara ya kwanza. Nikapiga kelele kama mchimbaji aliyeona dhahabu. Tangu hapo nawaambia watu, bila kujisifu, kwamba wanaoijua siga katika mkoa huu tuko wawili.

Usidhani alikuwa mvutaji. Alivuta siga moja, Jumamosi, saa kumi jioni. Nilipomfuata Jumatano alinifungia dirisha: "Mahakama haikai leo." Sigara za karatasi alizichukia; bodaboda aliyemleta kutoka sokoni ilibidi aizime yake getini. Wakati wa kazi yake, wanasema, aliwahi kumtoa karani wake nje kwa sababu koti lake lilinuka moshi. Nikamuuliza mwenyewe hili amelielezaje mbele ya Mungu, maana alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa na sauti ya pili kwenye kwaya. Akasema Mungu anajua ratiba yake. Na alianzaje siga, nani alimpa ya kwanza? "Swali halihusiani na shauri." Nilirudia swali hilo mvua na kiangazi. Jibu halikubadilika hata koma.

Alikuwa bahili wa kupindukia. Njiti ya kiberiti iliyowasha siga ndiyo iliyowasha jiko la chai. Lakini kila mwaka baada ya mavuno alikuja mzee mmoja wa upande wa Kingolwira na gunia la mahindi, na Hakimu alimpikia wali kuku, kuku wake mwenyewe, wale wanaokula pete zangu. Mara ya kwanza nilidhani ni ndugu.

"Bado unachunga mbuzi wa watu?" Hakimu alimuuliza.

"Sasa wangu, Hakimu. Wangu kabisa. Nina hati."

"Lete hati."

Na yule mzee akaitoa mfukoni! Alikuwa amefungwa na Hakimu kwa wizi wa mbuzi, akatumikia gereza la hapo hapo Kingolwira, akatoka, akapata shamba jirani. Nilimuuliza pembeni kwa nini anamletea mahindi mtu aliyemfunga. Akanijibu kwamba siku ile mahakamani kila mtu alikuwa anapiga kelele, na Hakimu peke yake ndiye aliyemwacha amalize kusema.

Siku iliyoniuma ni ya mhadhiri. Huyu alipanga nyumba ya chini yetu, mtu wa chuo, viatu vimepinda, shati lake na kola vimeshaagana. Akaja kumsalimia Hakimu, Jumamosi, mimi nipo. Mfukoni ana siga moja tu, imefungwa kwenye nailoni, kapewa na mwenzake aliyetoka ughaibuni. Akampa. Akaketi, akautazama mlima, wingu linashuka kwenye kilele cha Bondwa, hasemi hiki wala kile. Nikamwonea huruma, nikadhani kakosa mazungumzo, kwa hiyo nilikwenda kumchukulia soda nyumbani kwangu, nikakuta simu ya duka, nikachelewa. Niliporudi Hakimu alikuwa anaitoa siga mdomoni.

"Mahakama inaiachia huru," akasema.

Nilitabasamu kwa meno yote thelathini na mbili. Ndani nimeungua. Nikampa mhadhiri soda yake, nikamwambia hongera, na usiku ule nikamuuliza Mama Zawadi kama anadhani Hakimu ana upendeleo kwa waliosoma. Akaniambia nizime taa.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, binti wa Hakimu akaja kumchukua. Magoti yalikuwa yamekataa mlima, na mama wa umri ule kukaa peke yake si jambo. Hakimu hakubisha. Fuso yangu ndiyo iliyobeba vyombo kwenda Dodoma, na mafuta niliweka mwenyewe, binti alipotaka kunilipa nilimkatalia. Ikabaki Jumamosi ya mwisho, nyumba tupu, viti viwili vya plastiki barazani. Binti alikuwa amekwenda kuaga kanisani, kesho yake asubuhi wanaondoka.

Nikaja na siga mbili, moja yake, moja yangu. Nilikuwa nimeziagiza Dar es Salaam, duka linaloziagiza kutoka zinakolimwa, nikazilaza na kigae cha chungu, mbali na friji. Ilikuwa ni leo au basi. Na siku hiyo hiyo, nikuambie ukweli, nilikuwa na jambo jingine: mkandarasi anayejenga ghala Gairo alitaka saruji na bati za jengo zima. Aliniambia asubuhi atapiga saa kumi na kitu tufunge bei, na nisipopatikana atampa mwingine, maana mafundi wake wamekaa bure.

Nikavua pete, nikampa siga. "Hakimu, hii sasa, hii nakuambia, nimeipata kwa—"

"Simama hapo hapo. Leo kuna amri ya mahakama."

"Amri gani?"

"Usiseme neno mpaka siga iishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kuisikia siga yako hata moja. Nikinusa, unanieleza Dubai. Nikivuta, unanitajia bei. Nikifika kwenye kukiri, Fuso imekata springi Mikese. Nitaachiaje huru mtu ambaye sijamsikia?"

"Kwa hiyo kesi zote zile, Hakimu, kumbe—"

"Umeshaanza."

Nikakaa. Tukawasha. Hujui uzito wa mdomo wako mpaka uufunge. Mwanzoni nilihesabu maneno yaliyokuwa yananijia, yakanisonga mpaka jasho likanitoka. Kisha nikaanza kusikia vitu. Mto kule bondeni, ambao nimeishi juu yake miaka yote nikidhani ni upepo. Mtu anapasua kuni. Kuku wanaparua kile kipete. Na siga yenyewe, bwana! Ilianza na pilipili manga, ikaiweka pembeni, ikaleta kitu kama ngozi ya kiatu kipya, na nyuma yake utamu wa karanga zinazotoka kukaangwa.

Simu ikatetemeka pajani. Gairo.

Mkono ulikwenda wenyewe. Hakimu hakunitazama, alikuwa anatazama majivu yake, meupe, marefu, hayajadondoka. Nilijua nikisema "haloo" tu, kikao kimevunjika na hakitaitishwa tena. Nikailaza simu chini, kifudifudi. Ikatambaa kwenye sakafu kama mende aliyepinduka, ikanyamaza. Ikaanza tena. Nikavuta siga, nikautazama mlima. Ikaita, ikaita, na mwisho ikakata tamaa yenyewe.

Kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye ngazi Hakimu alipoigeuza, akatia moto ndani. Akafumba macho. Moshi ukamtoka puani, mwembamba, hauna haraka. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Alipoitoa, kilichobaki kilikuwa kidogo kama kucha, akakiweka juu ya ngazi kwa adabu.

"Imejieleza vizuri," akasema. "Imehojiwa, haikubabaika. Na mwisho wake ni mdalasini uliokaa jikoni kwa bibi yangu, juu ya moshi, miaka na miaka. Sikuwa nimeuonja tangu niwe msichana." Akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Mahakama inaiachia huru."

Nikakilaza kipande changu kando ya chake.

"Sasa unaweza kuongea, jirani."

Nikafungua mdomo, mimi, mbele ya mtu wa kunisikiliza, nikakuta hamna kitu. Nikasema, "Asante, Hakimu." Tukakaa mpaka binti yake alipobisha hodi.

Nilipofika getini kwangu ndipo nikampigia mkandarasi. "Bosi, nimekupigia mpaka nimechoka," akasema. "Nimeshalipa kwa mwingine."

"Nilikuwa mahakamani."

"Loh, pole sana. Kesi imekwendaje?"

"Nimeshinda."

Na ushindi huo hakuna tajiri wa Morogoro aliyewahi kuulipia kama mimi. Siga mbili, laki moja na elfu sabini na tano. Faida ya saruji na bati za ghala la Gairo iliyokwenda kwa mwenzangu, milioni tatu, laki nane na elfu arobaini. Jumla yake ni shilingi milioni nne, elfu kumi na tano.